Mguu wa Kushoto Ukae Kidogo

2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri, na paa la jikoni limevuja palepale linapovuja kila mwaka. Nimeweka sufuria. Daktari wa koo amenikataza kupaza sauti mpaka mvua ziishe, la sivyo sauti itakatika moja kwa moja. Nikamwambia kwamba mimi nilikuwa mwalimu wa kwata jeshini, na sauti hii ilikuwa ikisimamisha kikosi kizima. Akasema, "Basi sasa isimamishe yenyewe, mzee." Binti yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Ndiye aliyeninunulia daftari hili. "Yale unayotaka kumfokea mtu, Baba, andika humu."

Nitaandika.

4 Machi

Mvua. Sikumfokea mtu.

7 Machi

Nimekwenda kununua mkate. Brigedia alikuwa ndani ya duka, akibonyeza mkate mmoja baada ya mwingine kama anayekagua buti. Meja alikuwa nje, maji ya bati yakimdondokea begani, akingoja Brigedia atoke ndipo naye aingie.

"Ingia, utapata homa," nikamnong'oneza.

"Mle ndani hewa haitutoshi wawili, Mwalimu."

Mke wa Meja ni dada yake Brigedia, baba mmoja mama mmoja. Mwaka wa tisa huu mashemeji hawa hawasalimiani.

Binti yangu ameniomba niandike yote tangu mwanzo, kwa sababu alikuwa mdogo na kila mtu humsimulia kwa namna yake. Mwanzo ni huu. Siku Yule alipoitwaa nchi (jina lake siliandiki, si kwa woga bali kwa kinyaa), watu walijaa uwanja mkubwa kupinga. Kikosi chetu kilipangwa mbele yao, na amri ikaja kwamba tufyatue. Majenerali wake walisimama nyuma yetu kuhakikisha. Kanali wetu alinitazama mimi, akasema polepole kama anayeomba chumvi mezani, "Mwalimu, wageuze."

Nikapaza: kikosi, nyuma, geuka! Mamia ya askari wakageuka kama mlango mmoja. Kisha tukaondoka kwa mwendo wa pole, hatua yetu wenyewe, na majenerali wakalazimika kutupisha njia. Hakuna raia aliyekufa uwanjani siku ile. Nimesoma vitabu vingi tangu nihamie huku, vingine mara mbili, na bado sijakutana na sentensi ninayoipenda kuliko hiyo.

Hatua yetu wenyewe nieleze pia. Katika mwendo wa pole, askari wetu huukawiza mguu wa kushoto hewani kidogo tu kabla ya kuutua. Ilianza na mpiga ngoma wetu wa kwanza aliyekuwa na goti bovu. Wenzake hawakutaka aachwe nyuma, basi wote wakamngojea, na kungojea kukawa fahari yetu. Kwenye gwaride nilikuwa nikiwaambia, "Mguu wa kushoto ukae kidogo." Yule aliipiga marufuku akaiita mwendo wa vilema. Wanajeshi wake hurusha miguu juu kama wanaopiga teke mbwa.

Usiku uleule tulivuka mpaka. Na huku ugenini, miaka ikapita, tukagawanyika. Kamati ni ya Brigedia, aliyetoka nyumbani akiwa Kapteni. Vyeo vingine amejipandishia mwenyewe njiani. Anaongea kwenye redio za nje, kwa hiyo tunamwita Redio. Anataka jeshi liundwe huku na liingie kwa nguvu. Tawi ni la Meja. Yeye anasema vita viko kwa wale waliojificha ndani ya kambi za Yule, na sisi wa huku kazi yetu ni kuwasaidia na kunyamaza. Mimi si wa Kamati wala wa Tawi. Mimi ni wa kikosi.

Kiangazi kilichopita Kamati ilipeleka neno kwa wenzetu waliojificha katika bohari la silaha: subirini. Wiki hiyohiyo Tawi likapeleka neno: ondokeni. Nusu wakaondoka, nusu wakasubiri. Walioondoka walikosekana kwenye kuitwa majina, waliosubiri wakaulizwa wenzao wako wapi. Hakuna aliyesalimika. Watu wazima, maofisa, tukafanya kosa la namna hiyo.

10 Machi

Sufuria imejaa mara mbili. Binti anasema tuhame nyumba hii. Nimemwambia nimeshahama vya kutosha.

13 Machi

Nimemtembelea Kanali hospitalini. Mapafu yake yanavuja kama paa langu. Lakini amenyolewa vizuri sana, kidevu kinang'aa. Nikadhani ni kazi ya wauguzi.

Juu ya kitanda wamemtundikia picha yetu ya kikosi. Uso mmoja, mstari wa pili, umefunikwa kwa rangi nyeusi iliyopakwa juu ya kioo. Ni Koplo, mwanafunzi wangu bora, aliyekuwa na hatua safi kuliko zote. Usiku wa kuvuka mpaka hakutokea kwenye lori. Alibaki, akaendelea kula mkate wa Yule. Brigedia ndiye aliyempaka rangi, na Meja ndiye aliyemshikia kopo. Kwamba Koplo ni msaliti ndilo jambo pekee ambalo Kamati na Tawi bado wanakubaliana juu yake.

Kanali akaniuliza, "Mwalimu, wamebaki wangapi wanaoweza kubeba?"

"Kubeba nini, Afande?"

"Mimi."

Nikajifanya natafuta miwani.

20 Machi

Dereva wa malori anayetuletea habari amekuja na neno kutoka ndani. Ameniambia mimi kwanza, akijua kwamba nitawaambia wote. Mwishoni mwa mvua watamtuma mtu mmoja. Amesema, "Akikuta nyumba moja, ataongea. Akikuta mbili, anageuza palepale, na wao huko ndani hawatamsikiliza tena mtu yeyote wa huku. Wamechoka kufa kwa ajili ya ubishi wenu, mzee. Mimi natumwa tu, usinikasirikie."

Sikumkasirikia. Nilimpa chai.

23 Machi

Nimefanikiwa kuwaweka katika chumba kimoja. Daktari wa Meno, aliyekuwa kwetu luteni wa matibabu na sasa ni wa Kamati, alitoa sebule ya wagonjwa wake. Brigedia akakaa chini ya picha ya taya, Meja karibu na mlango.

"Ajenda ya kwanza," Brigedia akaanza, "ni itifaki ya kumpokea mgeni."

"Ya kwanza ni watu wa bohari."

"Sawa. Nani aliwaambia waondoke?"

"Nani aliwaambia wakae?"

"Kapteni mzima kama wewe huwezi..." Brigedia akaanza, akimshusha cheo makusudi.

"Meja!"

"Nami ni Brigedia!"

"Brigedia wa wapi, shemeji? Wa duka la mikate?"

Ndiyo mara ya kwanza kumwita shemeji kwa miaka yote hii, na alilitoa kama tusi. Viti vikasogea. Daktari wa Meno akachungulia akiwa amevaa glavu. "Jamani, nina mtu huku ndani kinywa wazi. Anasikia kila kitu na hawezi kufunga."

Nikajaribu kusema "Kimya!" Kilichotoka ni sauti ya bawaba isiyo na mafuta. Mpishi wetu wa zamani, mtu mfupi wa Kamati, akaniletea maji. Wakaondoka kwa milango tofauti, ingawa mlango wa nyuma unatokea kwenye dimbwi. Meja ndiye aliyepita dimbwini. Mara hii nilikuwa upande wake kabisa. Yeye angalau hajawahi kujipandisha cheo.

29 Machi

Leo nimekwenda hospitalini mapema kuliko kawaida. Pazia la kitanda lilikuwa limefungwa. Nikachungulia. Brigedia alikuwa ameinama, mikono ya shati imekunjwa, anamnyoa Kanali. Alikuwa akivuta ngozi ya shavu kwa kidole kimoja, taratibu, akipuliza povu lisiingie puani. Kinywa kile kisichofungwa kilikuwa kimefungwa.

Aliponiona akashtuka kama mwizi.

"Usimwambie mtu, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Watasema natafuta urithi." Akapangusa wembe. "Kila asubuhi anataka awe tayari. Anasema huenda ikawa leo."

"Huenda ikawa leo nini?"

"Kurudi nyumbani."

Nimekuwa nikimwita Redio kwa muda mrefu. Sijui nitamwita nini sasa.

2 Aprili

Nimemwomba Meja aje hospitalini wakati shemeji yake yupo. Amekataa. Amesema, "Watu wa bohari walikufa kwa sababu yake." Nikasema, "Na kwa sababu yako." Akachukua kofia yake, akaondoka bila kuaga. Mke wake ameniambia baadaye kwamba tangu kiangazi halali vizuri, na kwamba amewakariri wote kwa majina na huyataja akifua nguo. Hilo sikulijua. Nilidhani ukimya wake ni utulivu.

3 Aprili

Mvua kubwa. Barabara ya chini imefungwa.

11 Aprili

Kanali ametuita sote watatu, na safari hii wote wawili wakaja, mmoja huku na mwingine kule kwenye kitanda. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo kuliko yangu.

"Nizikwe na kikosi," akasema. "Sio Kamati. Sio Tawi. Mwalimu ndiye atakayeongoza."

"Ndiyo, Afande," wote wawili wakajibu, kwa mpigo mmoja. Kisha wakatazamana kwa hasira, kila mmoja akiona ameibiwa neno.

14 Aprili

Kanali amefariki asubuhi. Alikuwa amenyolewa.

15 Aprili

Yametokea makubwa. Kamati imeagiza jeneza. Tawi limeagiza jeneza. Yote mawili yamefika chumba cha maiti kwa wakati mmoja, na mhudumu akatoka kuuliza, "Samahani, marehemu ni wangapi?"

Nilikaa kwenye benchi la nje nikaona aibu kama sijawahi. Kisha mke wa Meja akaja na mwavuli wake wenye ubavu uliovunjika, akatazama masanduku mawili, akamtazama kaka yake, akamtazama mume wake.

"Leo jioni chakula ni kwangu," akasema. "Wewe usipokuja, usiniite tena dada. Wewe usipokaa, usiniite tena mke. Na hilo moja rudisheni lilikotoka kabla sijawalaza ndani yake wote wawili."

16 Aprili

Walikuja. Wakala bila kutazamana. Baada ya kula nikasimama nikaomba chaki.

Nieleze kazi hii, kwa sababu inaonekana ndogo na si ndogo. Jeneza la askari hubebwa na watu sita, wawili wawili, na kila jozi lazima iwe ya kimo kimoja, la sivyo marehemu hulala upande kama mzigo wa sokoni. Nikawapima watano waliobaki na nguvu za kubeba kwenye fremu ya mlango, mmoja mmoja, viatu nje. Nilipomaliza nikasogea nyuma kutazama alama.

Kamati peke yake ina mrefu mmoja, wa wastani mmoja na mfupi mmoja. Tawi lina mrefu mmoja na wa wastani mmoja. Hakuna upande unaoweza kutoa hata jozi moja. Daktari wa Meno analingana na Fundi Baiskeli wa Tawi, sawasawa. Na alama ya Brigedia na alama ya Meja zilikuwa mstari mmoja wa chaki.

"Pima tena," Brigedia akasema.

Nikapima tena.

"Visigino vyake," Meja akasema.

"Hana viatu," mke wake akamjibu.

Mpishi alibaki peke yake chini ya fremu. "Na mimi jozi yangu ni nani?" Mimi ni mfupi kama yeye, lakini mtoa amri habebi, na kwa kifua hiki nisingefika hata getini.

17 Aprili

Mazoezi uani kwa Meja, mvua ikinyesha. Kwa kuwa jeneza liko chumba cha maiti, tumebeba kabati la nguo, tumelitia mifuko ya mchanga. Mke wake, ambaye sote tunamwita Dada, alisimama dirishani. "Mkilivunja kabati langu nawazika bila gwaride!"

Sasa, anayebeba jeneza la kijeshi hashiki jeneza kwa mikono miwili. Mkono wa ndani hupita chini ya sanduku na kushika bega la mwenzake wa upande wa pili, imara, kwa sababu mabega hayo mawili ndiyo yanayozuia sanduku lisiteleze. Brigedia na Meja walilijua hilo. Niliwafundisha mimi wakiwa vijana. Nikanong'ona, "Shika bega." Jozi ya kati ikashika. Jozi ya nyuma ikasimama na mikono inaning'inia.

"Afande Meja, shika bega."

"Nimeshika kabati."

"Kabati halina bega."

Mpishi akacheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichosaidia. Kwanza zilikuwa ncha za vidole. Tulipomaliza mzunguko wa tatu, kwa utelezi wa matope, vilikuwa viganja vizima.

Amri za jeneza hutolewa kwa sauti ya chini. Hiyo ndiyo desturi, sikuibuni kwa sababu ya koo langu. Anayetaka kuzisikia hana budi kunyamaza. Sijawahi kuwaona wanaume hawa wakinyamaza kwa muda mrefu namna ile.

19 Aprili

Tumemzika Kanali.

Mvua ilikuwa nyepesi, ile isiyolowesha bali inayokaa kwenye nyusi. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotazamia, na wengine hatuwajui. Katika mazishi yetu Yule huwa anatuma watu wake wahesabu vichwa, basi kila mgeni tunamtilia shaka. Tulikuwa tumepanga kwamba mbele, pembeni mwa Mpishi, lisimame gari dogo la magurudumu la makaburini kushikilia kona ile. Ilikuwa aibu, lakini aibu ndogo.

Nikasimama mbele. Wakapanga mstari. Kabla sijaagiza gari lisogezwe, mtu mmoja akatoka kwenye umati. Mfupi, wa miaka arobaini hivi, koti la mfanyabiashara, mwavuli mweusi. Akaufunga, akampa binti yangu kama aliyemzoea, akaja akasimama kando ya Mpishi. Mabega yao yalilingana kama yamekatwa kwa msumeno mmoja.

"Kachero huyo," Daktari wa Meno akasema bila kufungua meno.

Brigedia akanitazama. Meja akanitazama. Kwa mara ya kwanza walitaka kitu kimoja, nimwondoe. Sikumjua mtu yule. Siku tulipogeuka uwanjani, miaka thelathini iliyopita, alikuwa mtoto, hawezi kuwa mwanafunzi wangu. Kumweka mtu wa Yule chini ya jeneza la Kanali kungekuwa fedheha ambayo tusingeifuta maisha. Lakini alikuwa amesimama vizuri. Visigino pamoja, kidole gumba kwenye mshono wa suruali. Nikasema, "Shika bega," na mkono wake ukapita chini bila kutafuta. Mpishi akalishika bega lake.

"Inua."

Kanali akapanda, sawa kama meza.

"Kwa mwendo wa pole, mbele, tembea."

Nilitembea kinyumenyume hatua za mwanzo, nikimtazama miguu. Mguu wa kulia ukatua. Na mguu wa kushoto wa mtu yule, mtu ambaye hakuwahi kuniona, ukakaa hewani kidogo. Kidogo tu. Kama anamngojea mpiga ngoma mwenye goti bovu.

Hatua ile imepigwa marufuku tangu tulipoondoka. Hakuna kitabu kilichoiandika. Haijulikani popote isipokuwa katika miguu ya watu wachache wazee, na hapa ilikuwa miguuni mwa mtu mwenye nywele nyeusi. Nikageuka mbele ili wasione uso wangu. Nyuma yangu nilisikia miguu kumi na miwili ikitua kwa zamu, na kila zamu ya kushoto ikichelewa vilevile, na sikuhitaji kuwaangalia tena hadi kaburini.

Walipomshusha, Brigedia na Meja walibaki wameshikana mabega ingawa hapakuwa na kitu tena juu yao. Hawakugundua. Nami sikuwaambia.

Baadaye, nyumbani kwa Dada, mgeni alikaa na kikombe cha chai akapasha vidole.

"Nilitakiwa nije mvua zikiisha," akasema. "Tuliposikia Kanali amefariki, wakaniambia nenda sasa, ukawaone wakiwa na msiba. Mtu hujulikana hapo."

"Hatua umeipata wapi, mwanangu?" nikauliza.

"Ndiyo tunayotambuana nayo, Mwalimu. Kwenye foleni ya chakula, kwenye korido. Mwenzako akikawiza mguu wa kushoto, unajua. Asipokawiza, unaongea habari za mpira."

"Nani aliwafundisha?"

Akamtaja Koplo. Kwa jina lake kamili, lile ambalo hatujalitamka tangu tuvuke mpaka. Walimvua cheo baada ya sisi kukimbia, wakamweka afue nguo za kambi. Huko, katikati ya shuka zilizoanikwa, alimfundisha kuruta mmoja, kisha mwingine. Alibaki kwa sababu aliona lazima abaki mtu. Alifariki mwaka juzi, kitandani kwake, bila kukamatwa. "Alikuwa akisema Mwalimu wake yuko nje, na kwamba siku moja tutalinganisha."

Nje mvua ilikuwa imekatika.

Brigedia akainuka. Akaichukua ile picha ya kikosi, ambayo tulikuwa tumeileta kutoka hospitalini, akaiweka mezani. Akatoa mfukoni wembe wake wa kunyolea, ule niliouona nyuma ya pazia, akaanza kukwangua rangi juu ya kioo. Meja akasogea, akaishika fremu isiteleze.

"Taratibu, shemeji," akasema. Halikuwa tusi.

Uso wa Koplo ukatokea, kijana, masikio makubwa. Nilikuwa nimesahau yale masikio.

Mgeni akaangalia yote haya, akamaliza chai. "Nitawaambia wenzangu wa ndani nilichokiona. Wakikubali kuwasikiliza, mtajua siku ya Gwaride Kuu la Yule, linaonyeshwa kwenye televisheni. Itazameni miguu. Msipoona kitu, basi hawakukubali, au mimi sikufika."

20 Aprili

Mgeni ameondoka na lori. Binti amebaki na mwavuli wake.

2 Mei

Hakuna habari. Mvua.

9 Mei

Hakuna habari. Kamati na Tawi wamekutana kuandaa neno moja la kupeleka ndani. Wamebishana kutwa nzima juu ya aya ya kwanza. Meja alimwita Brigedia kasuku, Brigedia akamwita Meja jiwe la kusagia. Lakini nimeona kwamba walikuwa wamekaa benchi moja, na kwamba alipochoka kuandika, Brigedia alimpa Meja kalamu.

17 Mei

Nimeota Koplo ananikagua mimi.

30 Mei

Sufuria kavu. Koo linauma kidogo tu.

6 Juni

Mvua zimekwisha. Leo lilikuwa Gwaride Kuu.

Tulikusanyika sebuleni kwa Meja, kila aliyeweza kutembea, pande zote mbili, na hapakuwa na nafasi ya kuweka mguu. Wakagombana nani akae karibu na televisheni, kisha kuhusu sauti, kisha Brigedia akaanza kutoa hotuba kuhusu vifaru na Dada akamwambia, "Kaka, hata siku hii?" Yule alionekana jukwaani, amezeeka, amenenepa mashavu. Hakuna aliyesonya. Tulikuwa tunatazama chini.

Vikosi vikapita na mateke yao. Kimoja, cha pili, cha tatu. Meja alikuwa akisogeza midomo, nikajua anataja majina ya watu wa bohari. Kikaja kipindi cha mwendo wa pole, walinzi wa heshima mbele ya jukwaa. Mstari wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili, hakuna kitu. Nilihisi Mpishi akinishika mkono.

Mstari wa tatu ukaingia kwenye kioo. Kulia, tua. Kushoto.

Ukakaa.

Si wote. Watano, labda sita, waliotawanyika kati ya wenzao, mbele ya pua ya Yule, ambaye alipiga saluti na kuwapita kwa macho. Kulia, tua. Kushoto, ukakaa. Kisha kamera ikahama kuonyesha ndege.

"Mmeona nini?" binti yangu akauliza kutoka mlangoni. "Mbona mmesimama?"

Kweli, walikuwa wamesimama. Wazee kwa wazee, Kamati na Tawi wamechanganyika hivi kwamba mimi mwenyewe nisingeweza kuwatenga. Brigedia alikuwa na mkono begani kwa Meja, kiganja kizima. Wote wakanigeukia mimi.

Daktari alisema mpaka mvua ziishe. Mvua zimeisha.

"Kikosi!" nikapaza. "Mguu!"

Sauti ilikatika hapo katikati, nikavuta pumzi. Lakini "Sawa!" ilitoka nzima, na visigino vyote vya chumba kile vikagonga mara moja, pamoja na vya Dada akiwa na sinia la vikombe. Jirani wa ghorofa ya juu akagonga sakafu yake kwa mpini wa ufagio.

Na agonge.